Stempu zinazoihusu Kusini: kuchagua mada, kuloweka, kuzikinga na unyevu na kubadilishana

Anayeanza kukusanya stempu huokota kila inayomfikia: malkia wa Uingereza, maua ya Hungaria, roketi ya Urusi, twiga wa kwetu. Baada ya miezi sita boksi la viatu limejaa na hana cha kumwonyesha mtu, maana hakuna kinachoiunganisha stempu moja na nyingine. Dawa yake ni kukusanya kwa mada. Unachagua jambo moja, kisha unatafuta stempu za nchi yoyote na za mwaka wowote zinazolieleza. Aliyeko Mtwara au Lindi hana haja ya kuazima mada za mbali. Habari za Kusini zimo kwenye stempu nyingi kuliko wenyeji wengi wanavyojua, na sehemu kubwa ya stempu hizo haikutolewa Tanzania.

Chukua Tendaguru. Kilima hicho kiko kama kilomita 60 kaskazini magharibi ya Lindi mjini. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimbua hapo mifupa ya dinosaria, kazi za uchimbaji zikisimamiwa na Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi ili isafirishwe Berlin. Mwaka 1990, miezi michache kabla nchi yenyewe haijafutika, Ujerumani Mashariki ilitoa seti ya stempu 5 za kuadhimisha miaka 100 ya jumba la makumbusho ya viumbe la Berlin. Wanyama waliomo ni wa Tendaguru: Dicraeosaurus, Kentrosaurus, Dysalotosaurus na Brachiosaurus, huyu wa mwisho akitokea mara mbili, mara mwili mzima, mara fuvu peke yake. Seti hiyo si adimu wala si ghali. Ni mahali pazuri mno pa kuanzia, na inasikitisha kwamba katika nyumba za Lindi haionekani.

Ukitazama upande wa mto Ruvuma, mada inakua zaidi. Ng'ambo ya mto kulikuwa na Kampuni ya Nyassa, iliyotawala kaskazini ya Msumbiji kwa idhini ya Ureno na kutoa stempu zake yenyewe; za mwaka 1901 zina twiga na ngamia. Mlangoni mwa mto kuna Kionga, kipande kidogo kilichokuwa cha Wajerumani mpaka Wareno walipokiteka mwaka 1916. Mwaka huohuo walichukua stempu za Lourenço Marques (Maputo ya leo), wakazipiga chapa ya neno KIONGA na thamani mpya, zikawa aina nne tu. Ni miongoni mwa stempu za eneo dogo kabisa duniani, na mahali penyewe ni jirani na Msimbati. Anayeanza asikimbilie kuzinunua, kwa sababu chapa ya juu ni rahisi kughushi. Aanze na stempu za Msumbiji zilizopigwa chapa ya uhuru, tarehe 25 Juni 1975, kisha aje kwenye zile za FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, ambao kambi yao ilikuwa Nachingwea.

Bahari nayo ina utajiri wake. Tanzania ilitoa stempu za kawaida za samaki mwaka 1967 na za vipepeo mwaka 1973, na zote mbili bado zinapatikana kwa wingi zikiwa zimetumika. Komoro walimchora silikanti mwaka 1954, yule samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2003 alinaswa Songo Mnara, wilayani Kilwa. Anayependa safari za kale anaye Livingstone, aliyeanzia Mikindani mwaka 1866 kuelekea bara; Malawi, Zambia na Uingereza zote zilimtolea stempu mwaka 1973.

Korosho watu wengi huitaja kwanza. Tunashauri isiwe mada nzima, maana stempu zake ni chache. Ifanye sura moja ndani ya mada ya mazao ya Kusini, pamoja na ufuta, nazi, muhogo na karanga. Karanga zina habari ndefu kwa sababu ya ule mradi mkubwa wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, ukafika Nachingwea, na kufa mapema.

Kabla ya kununua chochote, andika mada yako kwa sentensi 5 au 6 kwenye nusu ukurasa. Kila sentensi itakuwa sura moja ya mkusanyiko. Kisha tafuta kwenye katalogi, za Michel, Stanley Gibbons, Scott au ile ya mtandaoni ya Colnect, uone kila sura inapata stempu ngapi. Ukikosa 30 kwa jumla, panua. Ukipata 500, punguza, la sivyo utachoka kabla hujafika nusu.

Vifaa

Vya lazima ni vichache. Kibano chenye ncha bapa na laini. Kile cha kung'olea nyusi kina meno ndani, kinaacha mikwaruzo. Lenzi ya kukuza mara 8 au 10. Penseli laini. Rula yenye milimita. Na daftari la mifuko, yaani lile lenye kurasa ngumu na mikanda ya plastiki angavu ambamo stempu inachomekwa bila gundi. Vidole visiguse stempu hata vikiwa vimenawa, kwa sababu jasho lina mafuta na chumvi, na kwa joto letu alama ya kidole hugeuka kahawia baada ya miezi.

Usitumie albamu za picha zenye kurasa za kunata. Usitumie selotepu, gundi ya maji wala ya vijiti. Usilaminishe. Stempu iliyolaminishwa haina njia ya kutoka tena.

Kuzipata

Barua za kawaida zimepungua, kwa hiyo nenda zilikokuwa zikifika kwa wingi: ofisi za zamani, shule, hospitali za misheni, wafanyabiashara wa mazao, na familia zenye ndugu Msumbiji au Ulaya. Misheni ya Masasi ilianza 1876 na ya Ndanda 1906. Sehemu za namna hiyo zimepokea barua za nje kwa vizazi. Omba kwa adabu, na omba bahasha, si barua. Mwenyewe atoe karatasi ya ndani kwanza, maana yaliyoandikwa humo ni siri ya wenyewe.

Hapa pana kosa linaloumiza kuliko yote: kukata stempu kutoka kwenye bahasha ya zamani. Bahasha ya kabla ya 1964 usiikate kabisa. Muhuri wa LINDI au MIKINDANI wa enzi za Wajerumani, ukiwa mzima juu ya bahasha iliyosafiri, una thamani ya habari kuliko stempu iliyo chini yake. Stempu zao za mwaka 1893 zilikuwa za Ujerumani zilizopigwa chapa ya PESA, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1905 wakahamia heller, 100 kwa rupia. Ukikata, umebaki na kipande cha karatasi chenye nusu ya jina la mji. Hata bahasha za miaka ya 1970 zenye mihuri ya Newala, Liwale, Kilwa Masoko, Nachingwea au Tandahimba ziache nzima ikiwa muhuri unasomeka vizuri. Kukusanya mihuri ya posta za mikoa hii miwili ni mada inayojitegemea, na haihitaji fedha nyingi.

Stempu mpya za Tanzania nunua dirishani posta, au uliza kitengo cha filateli (ukusanyaji wa stempu) cha Shirika la Posta Dar es Salaam kwa matoleo yaliyopita na bahasha za siku ya kwanza, yaani zilizogongwa muhuri siku stempu ilipotolewa.

Kuloweka

Stempu ya kawaida iliyobandikwa kwenye bahasha nyeupe ya karibuni hutolewa kwa maji. Kata bahasha ukiacha sentimita 1 kila upande wa stempu. Kisha zichambue. Weka kando zilizo kwenye bahasha za kaki, nyekundu, kijani au buluu, kwa sababu rangi ya bahasha huvuja na kuingia kwenye stempu zote zilizomo beseni. Bahasha za kaki za ofisini ndizo zinazoharibu stempu nyingi zaidi hapa kwetu: maji yanageuka kama chai, na weupe wa stempu haurudi tena. Hizo loweka moja moja, kwa maji baridi, ukibadilisha maji kila mara.

Tumia maji ya mvua au ya chupa. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na chumvi hiyo ikikauka ndani ya karatasi huvuta unyevu mwaka mzima. Mimina kina cha sentimita 3 kwenye beseni jeupe la plastiki, yakiwa baridi au vuguvugu kidogo, yasiwe moto. Weka vipande 20 hadi 30, sura ikitazama juu ili uone rangi ikianza kutoka. Subiri dakika 15 hadi 30. Stempu ikiwa tayari huteleza yenyewe kutoka kwenye karatasi. Ikikataa, irudishe majini. Anayeivuta huipasua katikati au kuichuna mgongo, na stempu iliyochunika mgongo ni nyembamba upande mmoja ukiiinua kwenye mwanga. Hiyo haifai kubadilishana.

Zikishatoka zipitishe kwenye beseni la pili lenye maji safi, kwa dakika 5, ili gundi iishe. Gundi ikibaki stempu itaganda kwenye karatasi ya kukaushia. Zilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi au kitambaa cheupe cha pamba. Gazeti halifai, wino wake unahama. Kanga vilevile. Ziache ndani, mbali na feni inayozipeperusha, na usizipeleke juani: jua hupausha nyekundu na zambarau kwanza, na stempu hujikunja kama jani kavu. Baada ya saa moja au mbili, zikiwa na unyevu kidogo sana, ziweke katikati ya karatasi nyeupe chini ya vitabu vizito kwa saa 24.

Aina mbili haziingii majini. Ya kwanza ni stempu za kujibandika zenyewe, zisizolambwa. Gundi ya nyingi kati ya hizo haiyeyuki kwa maji. Kata karatasi ukiacha milimita 3 hadi 5 kuzunguka, ihifadhi hivyohivyo. Ya pili ni stempu za zamani za makoloni ya Waingereza. Nyingi zilichapwa makusudi kwa wino unaoyeyuka ili mtu asiweze kuosha muhuri na kuitumia stempu tena. Ukiilowesha, sura ya mfalme inaondoka na maji.

Unyevu

Hili ndilo linaloua mikusanyiko ya pwani, kuliko wezi na watoto kwa pamoja. Kuanzia Desemba hadi Aprili hewa ya Mtwara na Lindi imebeba maji, na stempu ni karatasi yenye gundi. Madhara huja kwa njia tatu. Gundi ya stempu mpya hulegea na kuzishikanisha. Ukungu huacha madoa ya kahawia yasiyotoka. Na wadudu wa karatasi pamoja na mende hufuata gundi. Ukiona meno ya stempu, yaani zile ncha za ukingoni, yametafunwa upande mmoja huku mengine mazima, tafuta mende kabla hujalaumu unyevu.

Daftari lisimame wima kama kitabu kwenye rafu. Likilazwa na mengine juu yake, uzito hubana gundi dhidi ya karatasi. Lisigusane na ukuta wa nje, lisikae sakafuni, ambako kuna mchwa. Liweke ndani ya kontena la plastiki gumu lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mikoba mipya. Vifuko 4 au 5 vinatosha kontena la lita 10. Visilale juu ya stempu.

Chembechembe hizo zikishiba maji hazifanyi kazi tena, na watu wengi huziacha humo miaka wakidhani zinasaidia. Kila baada ya miezi miwili ya mvua, zimwage kutoka kwenye kifuko, zieneze kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, uzigeuze kwa dakika 20 hadi 30, zipoe ndani ya chupa iliyofungwa, kisha zishonee kwenye kitambaa cha pamba. Zile za buluu zina kemikali yenye sumu. Sufuria hiyo isipikiwe tena.

Kiangazi kikifika, kati ya Juni na Oktoba, fungua kila daftari mara moja kwa mwezi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, ndani, kivulini, ukifunua ukurasa mmoja mmoja. Kazi yote ya kuloweka ifanye miezi hiyo. Plastiki unayoitumia inuse: ile laini inayonuka kama kapeti jipya hutoa mafuta, na baada ya miaka wino wa stempu huhamia kwenye plastiki.

Stempu mpya zikishagandana usizipasue. Chukua chombo chenye mfuniko, weka sponji yenye maji chini, juu yake kitu kama kichujio kilichoinuliwa ili stempu zisiguse maji, funika. Tazama kila baada ya saa mbili. Kwa kawaida hulegea kabla ya kesho yake, ingawa gundi yake haitakuwa tena kama ilivyotoka posta, na hilo umwambie unayebadilishana naye.

Kupanga ukurasa

Tumia karatasi ya A4 nyeupe isiyo nyembamba. Panga kwanza bila kubandika, ukae nayo siku moja. Stempu 5 hadi 8 kwa ukurasa zinatosha; zikizidi, macho hayana pa kutua. Kwa seti ya Tendaguru tungepanga hivi: Brachiosaurus mwenye mwili mzima peke yake juu, wengine watatu mstari mmoja chini yake, fuvu pembeni kulia karibu na maelezo, na chini kabisa ramani ndogo ya penseli inayoonyesha kilima, Lindi na bahari.

Maelezo ndiyo huuinua au kuushusha ukurasa. Linganisha haya mawili. La kwanza: «Dinosaria. Ujerumani Mashariki. 1990.» La pili: «Mifupa ya mnyama huyu ilitoka Tendaguru, ikabebwa kwa miguu mpaka Lindi na kupakiwa melini. Leo imesimama Berlin.» Hilo la pili lina maneno machache, lakini mtoto wa Mingoyo akilisoma atauliza maswali kumi. Andika kwa mkono ulionyooka, mistari miwili au mitatu, na usiirudie picha kwa maneno. Anayeona twiga hahitaji kuambiwa kwamba ni twiga.

Vitu viwili vya kupima kabla ya kuandika. Meno ya stempu huhesabiwa kwa idadi ya matundu ndani ya sentimita 2. Stempu mbili za sura moja zinaweza kuwa matoleo tofauti kwa sababu hiyo tu. Na mgongo: ukiona robo ya muhuri safi sana konani huku gundi ikiwa nzima nyuma, stempu hiyo iligongwa kwa ajili ya wakusanyaji na haikusafiri. Seti nyingi za nchi za Afrika za miaka ya 1980 na 1990, Tanzania ikiwemo, ziko hivyo. Inaruhusiwa mkusanyikoni, ila isemwe. Tofauti na hizo ni stempu za uongo ambazo hakuna posta iliyozitoa. Kwa matoleo ya tangu 2002, tazama orodha ya WNS ya Umoja wa Posta Duniani. Nchi inayosajili matoleo yake humo ikikosa stempu yako, uwe na shaka nayo.

Kubadilishana

Tengeneza orodha mbili, za ziada na unazozitafuta. Kila mstari uwe na nchi, mwaka, namba ya katalogi pamoja na jina la katalogi hiyo, hali, na idadi. «Samaki wa Tanzania, ninao wengi» haimsaidii mtu. Picha zipige kivulini nje, kama saa tatu asubuhi, stempu ikiwa juu ya karatasi nyeusi ili meno yaonekane, na kwenye WhatsApp itume kama faili, si kama picha, kwa sababu picha hupunguzwa ubora na kasoro hujificha.

Mara ya kwanza na mtu mpya mtumie 20, zisizidi 30. Stempu moja kwa stempu moja, nzima kwa nzima. Iliyochanika au kukosa jino haihesabiwi. Zifunge kwenye karatasi laini iliyokunjwa, katikati ya kadi mbili ngumu za sentimita 10 kwa 15, bila pini wala stepla. Nje ya bahasha usiandike «stempu». Tuma kwa rejista na utunze risiti.

Bahasha yenyewe pia ni zawadi kwa mwenzako. Bandika stempu za mada juu kulia, ukiacha nafasi ili muhuri usianguke juu ya sura, na dirishani useme: «Shikamoo mama. Naomba barua hii iende na stempu hizi, isibandikwe lebo, na muhuri ugongwe kwa mkono, jina la Mtwara lisomeke.» Nenda saa ambazo hakuna foleni. Mhudumu aliyeombwa vizuri hupangusa muhuri kwanza.

Kwa kikundi cha shule au mtaa, njia rahisi ni boksi la ziada: kila mmoja anaweka 10, anachukua 10, mmoja anakagua hali yake. Maonyesho yapange kwa fremu ya kurasa 16, kipimo kinachotumika kwenye maonyesho ya stempu duniani, na tarehe 9 Oktoba, Siku ya Posta Duniani, inafaa sana. Kurasa ziwe kwenye bahasha angavu, mbali na dirisha lenye jua, na zirudi kwenye kontena jioni hiyohiyo.

Bahasha ya mwenzako ikifika, ihesabu mbele ya orodha siku hiyohiyo, andika zilizopungua au zilizoumia njiani, na umjibu ndani ya wiki moja, hata kama zako za kumrudishia bado hazijakauka.